Mwaka Niliomkana Mize

Mwezi uliopita nilikwenda Mkange kwenye msiba wa Mize, mtoto wa kaka yangu, na huko nikaheshimiwa kwa jambo nisilostahili. Maziko sikuyawahi, nilifika siku ya pili ya matanga. Wanawake waliponiona nashuka kwenye punda wakanipokea kwa kilio, kisha wakanitandikia mkeka mpya karibu na mlango wa chumba alichokuwa akisomeshea watoto wa kike tangu wengi wao hawajazaliwa. Binti mmoja, ambaye naambiwa ndiye atakayeishika darsa sasa, akasimama na kusema kwa sauti: "Jamani, huyu ndiye Shangazi wa Bagamoyo. Ndiye aliyekuwa akimwandikia mwalimu ubao, mwaka ule wa kwanza alipoingia vitabuni. Asingekuwa yeye, sisi sote hapa tusingejua hata alifu." Wakaja mmoja mmoja kunibusu mkono. Mimi nikaunyoosha mkono wangu, wakaubusu, nikaletewa kahawa na kijaluba cha tambuu, nikapokea. Usiku na mchana tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikiutazama mkono huu. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe, kwa herufi zangu hizi zinazotetemeka, yale ambayo marehemu hakuwaambia wanafunzi wake.

Alilosema yule binti ni kweli. Mbao niliziandika. Lakini ni nusu ya kweli, na naona Mize aliwapa watu nusu ile moja tu maisha yake yote, akaifukia nyingine peke yake.

Ilikuwa miaka miwili hivi kabla ya vita vya Wajerumani hapa pwani. Nilikuwa na miaka ishirini, sina mtoto, mume wangu kaondoka na msafara kwenda bara, nami nimebaki nyumbani na mama yake. Mwezi wa Mfungo Mosi, sikukuu haijaisha vizuri, kaka yangu Shomari akafika kutoka Mkange kwa miguu, mwendo wa siku tatu, na nyuma yake Mize. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikwisha kuhitimu msahafu, na mwalimu wa kijijini kwao akamwambia baba yake wazi kwamba yeye amefika mwisho wa alichonacho. Mtoto anataka vitabu, anataka nahau na fiqhi, na hayo yako mjini. Kaka alikaa ukumbini kwetu akala wali na mchuzi wa papa, akanawa, akaniambia, "Mwanaidi, nakuachia. Sina mali ya kumrithisha huyu, ila hiki alichokianza. Usimwache akae kama mgeni." Nikacheka, nikamwambia, "Hebu kaka, mtoto wako si wangu?" Nakumbuka jinsi nilivyolisema lile neno kwa wepesi, huku nikikusanya sahani.

Mize alikuwa amevaa kaniki mpya, bado ngumu, imefungwa kifuani. Kwao Mkange kila mtu huvaa kaniki, mwungwana na mtumwa, mke wa jumbe na mchunga mbuzi. Bagamoyo haikuwa hivyo. Katika mitaa ile ya nyumba za mawe, siku zile, msichana mwenye kaniki, kichwa wazi, miguu mitupu, alikuwa na maana moja tu, na mtu hakuwa na haja ya kuuliza. Hayo niliyajua vizuri, maana mimi mwenyewe nilipokuja kuolewa nilikuwa nimefika na kaniki yangu, nikaivua kabla jirani hajaniona. Wanawake wa mjini nilikuwa sijawaambia nilikotoka. Siku moja mmoja wao aliniuliza kama watu wangu ni wa Pangani, nami nikatabasamu. Tabasamu ile wakaifanya jibu, nami nikaiacha iwe jibu.

Bi Rukia, aliyekuwa akisomesha, alikuwa mjane wa sheikhe. Wanawake wazima tulikwenda kwake Alhamisi, wasichana walikwenda kila asubuhi. Darsa ilikuwa ghorofani, chumba kirefu chenye mikeka miwili ya rangi, harufu ya udi, na dirisha linaloangalia maduka ya Wahindi. Viatu viliachwa mlangoni, vya mti na vya ngozi, vimepangwa. Siku niliyompeleka Mize nilimwacha chini penye birika anawe miguu, nikapanda mbele ili niseme habari yake kwanza. Nilikuta wanawake wengine wamo, na miongoni mwao Bi Salma, ambaye binti yake Zena alisoma hapo, mwanamke aliyesikilizwa kuliko wengine wote, na ndiye yule aliyeniuliza habari ya Pangani. Bi Rukia alichungulia dirisha la upande wa uani, akamwona Mize. "Mwanaidi," akasema, "yule kijakazi wako mwambie apande akae ukumbini. Jua kali."

Nilikuwa na maneno tayari. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, amehitimu, nimemleta asome. Ni hayo tu. Nilifungua kinywa, nikaona macho ya Bi Salma yananingoja, na kilichotoka ni hiki: "Ndiyo, Bibi. Nilitaka kukuomba kitu. Ana akili sana. Kama utaniruhusu, awe anakaa hapa anasikiliza." Bi Rukia akaweka kiganja kifuani. "Mashallah! Ni wangapi mjini hapa wanaowafikiria watu wao hivyo? Una thawabu kubwa, mwanangu." Na Bi Salma akatikisa kichwa kwa kunisifu. Kwa hiyo siku ileile niliyomkana mtoto wa ndugu yangu nilirudi nyumbani nikiwa mwanamke mwema wa mtaa.

Njiani nilimwambia Mize, "Kule darsani usiniite Shangazi. Niite Bibi. Ndiyo adabu ya mjini."

Alikuwa akirukaruka kukwepa maji machafu ya dukani. Akasimama. "Na nyumbani?"

"Nyumbani niite Shangazi."

"Haya, Shangazi," akasema, akaendelea kutembea.

Sijui alielewa kiasi gani siku ile. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba hakuelewa kitu, kwamba mtoto wa shamba hajui tofauti ya maneno hayo mawili. Lakini mtoto aliyeweza kuusikia mwisho wa neno la Kiarabu ukibadilika kutoka u kuwa a, na kuuliza kwa nini, angekosaje kusikia Shangazi akibadilika kuwa Bibi?

Wakamkalisha mlangoni, karibu na viatu. Wenzake sita walikuwa na kitabu mbele yao, yeye hakupewa. Walisoma kwa zamu, zamu yake ikarukwa. Bi Rukia hakuwa mtu mkali. Alimtuma maji kwa upole, akamtuma kupepea kwa upole, na mara nyingine akamtupia halua kama anavyopewa mtu wa nyumbani. Mize alirudi kwangu adhuhuri, masikio yamejaa masomo na mikono mitupu. Hapo ndipo ilipoanza kazi yangu ya mbao. Mimi niliwahi kukisoma kitabu kile, nakala nilikuwa nayo sandukuni, na nilikuwa na hati nzuri. Kila alasiri nilimwandikia kipande cha siku ile kwenye ubao kwa wino wa masizi, tukakaa jikoni, mimi juu ya mbuzi nakuna nazi, yeye kwenye kinu kilichopinduliwa, akasoma mpaka kikakaa. Alipokosea nilimrudisha. Alipopatia niliendelea kukuna bila kusema, naye akajua amepatia. Kisha akauosha ubao, na kabla ya kuuosha akakinakili kwenye karatasi zake, vipande vya karatasi za kufungia tende alivyoviokota dukani na kuvinyoosha kwa kiganja.

Mwaka wa kwanza wa vitabu huwachosha wengi. Msahafu unaimbika; nahau, ambayo Bi Rukia aliichanganya na kitabu cha fiqhi, haiimbiki. Walimu wetu walikuwa na mfano mmoja wa tangu na tangu, Zaidi alimpiga Amri, na kwa mfano huo hufundishwa nani ametenda na nani ametendwa. Mize alivumilia wiki tatu, siku moja akauweka ubao chini. "Shangazi, huyu Amri alimkosea nini Zaidi? Kila siku anapigwa yeye." Mama mkwe, aliyekuwa akipuliza moto, akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Siku hizo jikoni, naapa, nilikuwa namsaidia kwa moyo wangu wote. Nilimpenda. Ndilo jambo ambalo hata leo silielewi katika nafsi yangu: nilimpenda saa ya alasiri, na asubuhi nilimtuma akakae penye viatu.

Mama mkwe alijua nilikotoka. Alikuja mwenyewe Mkange kuniposa. Hakujua nililolisema mjini. Alikuja kulijua mwezi wa Mfungo Tano. Nilikuwa chumbani, yeye uani, na jirani akazungumza naye juu ya ukuta. "Siku hizi mkweo ana kijakazi msomi," jirani akasema. "Bi Rukia hana habari nyingine." Mama mkwe akajibu polepole, "Ndivyo mnavyoambiwa?" Akaingia, akakaa kitandani kwangu, jambo asilolifanya hata siku moja.

"Mwanaidi. Mize ni nani?"

Nikaanza kulia. Aliningoja nimalize.

"Kesho uende ukaseme," akasema.

"Nitasema, mama."

"Mimi sitakusemea. Ukimsemea mtu jambo kama hili, yeye halisemi tena maisha yake."

Nilikwenda kesho yake. Nilipanda ngazi zote. Bi Rukia alikuwa na homa kidogo, nikajiambia si siku njema ya kumpa mtu habari. Alhamisi iliyofuata palikuwa na wageni. Baadaye sikuhitaji tena sababu. Hata kanzu sikumshonea. Ningeweza kumnunulia Mize kipande cha merikani, nikamshonea mwenyewe kwa siku mbili, akaonekana kama wenzake. Nilijiambia kaniki haionyeshi madoa ya wino.

Ikafika Shaabani. Bi Rukia alikuwa na desturi ya kuwasikiliza wasichana kitabu tangu mwanzo mpaka walipofika, kabla ya Ramadhani, mbele ya mama zao. Zena alisoma vizuri mpaka akafika mlango wa kutayamamu, yaani kutawadha kwa udongo, akakwama. Tukangoja. Mara akapata neno, akaendelea, akakwama tena, akapata tena. Bi Rukia akainua uso. "Nani anamtilia maneno?"

Kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo: "Mimi, Bibi."

Hakutaka kujionyesha. Alimnong'oneza Zena kwa sababu Zena alikuwa anataka kulia. Bi Rukia alimwita katikati ya mkeka, akamfungulia kitabu pasipo mpango, akamwambia asome. Akasoma. Akafungua pengine, akasoma. Mara ya tatu Bi Rukia alikifunga kitabu akamwambia aseme kwa moyo, akasema. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimekaa pale pale kati yao, wananipigapiga mgongoni, na Mize amesimama na kaniki yake iliyokwisha kupauka, ananitazama mimi. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa anangoja. Nilijua kabisa anachongoja. Nikashughulika na kufunga ushungi wangu.

Siku mbili baadaye Bi Salma alikuja nyumbani. Zena alikuwa ameposwa Unguja, na arusi imekaribia. "Nataka aende na mtu wa kumkalisha na kitabu," akasema. "Yule wako anafaa. Taja unachotaka."

Mama mkwe alikuwa ukumbini, anachambua mchele. Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Mume wangu yuko bara," nikajibu. "Siwezi kuamua peke yangu."

"Basi niazime. Siku tatu tu, Zena ashike ule mlango wa kutayamamu, asije akaniaibisha kwa wakwe."

Nikamwazima. Nilimwazima mtoto wa kaka yangu kama mtu anavyoazima kinu. Mize alifunga karatasi zake kwa kitambaa, na mlangoni akaniuliza, "Huko nako ni Bibi?" Nikaitikia kwa kichwa. Mama mkwe akaacha mchele, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Siku tatu zikapita, na ya nne, na ya tano. Nilituma mtu nikaambiwa Zena bado hajashika. Siku ya saba nikasikia masanduku ya bibi arusi yanapelekwa forodhani, na Mize hajarudi. Nilikuwa nimesimama uani na habari hiyo, sijui niende wapi, nikasikia hodi ya kaka yangu.

Alikuwa amekuja kwa ajili ya kuhitimu kitabu. Alileta kibuyu cha asali kwa Bi Rukia, mbaazi kavu, na jogoo amefungwa miguu. Akavitua. "Mize yuko wapi?"

Mama mkwe akatoka chumbani, akakaa kitako mbele yangu. Nikamweleza kaka yangu yote, tangu siku ya birika. Sikumtazama. Nilipomaliza nilisikia jogoo tu. Nilitaka anipige; nilikuwa nimejiandaa. Alichukua kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaivaa.

"Nipeleke."

Kwenye mlango wa Bi Salma mngoja mlango alimtazama kaka miguu yake na shuka yake. "Wewe mtu wa nani?"

"Mtu wa Mkange."

"Nakuuliza bwana wako nani."

"Huyu ni kaka yangu," nikasema. "Baba mmoja, mama mmoja." Sauti yangu ilitoka ndogo, nikairudia.

Juu walikuwa wamekaa wanawake wanashona nguo za arusi, na Bi Rukia pamoja nao. Nilisimama katikati. Niliwaambia kwamba huyu ni Shomari, ndugu yangu, na Mize ni binti yake wa ndoa, mwungwana mtoto wa mwungwana, na kwamba watu wangu ni wa Mkange, si wa Pangani. Sindano zikasimama. Bi Salma alikuwa mtu wa kwanza kusema, na hakupaza sauti.

"Kwa nini hukuniambia? Ningemlaza na Zena. Nimemlaza chini, na wajakazi."

Bi Rukia alijifunika uso kwa ushungi. "Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima nimemkalisha kwenye viatu."

Akaitwa Mize. Alipanda kutoka uani, na nyuma yake msichana wa rika lake, mikono imejaa unga, akabaki kwenye ngazi. Mize alimwona baba yake, akamkimbilia, akashika mkono wake. Bi Salma akamuuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwa na kinywa. Kwa nini hukusema?"

"Nilijua ninavyoitwa, Bibi," Mize akajibu. "Lakini wa kusema alikuwa Shangazi."

Alilitamka hilo Shangazi mbele yao wote bila hasira. Ningeona nafuu kama lingekuwa na hasira.

Kaka alitaka kumrudisha Mkange siku ileile. Mize akakataa, akasema kitabu kimebaki milango miwili na cha pili hajakianza. Bi Rukia akaomba amchukue nyumbani kwake amlee kama mwanawe. Kaka akakubali, kwa neno moja ambalo hakuniambia mimi, alimwambia Bi Rukia, nikiwepo: "Akae popote anapotaka, ila si kwa huyu." Ndivyo ilivyokuwa. Mize alikaa kwa Bi Rukia miaka mitano, katikati ya mkeka, na nguo nyeupe. Aliponiona njiani alinisalimu kwa heshima zote. Kaka yangu hakuwahi kula tena nyumbani kwangu mpaka alipokufa.

Ningetaka habari hii iishie hapo, maana hapo angalau nilifungua kinywa. Lakini kuna jambo lililotokea baada ya hapo, na hilo halijui mtu yeyote aliye hai.

Tulipokuwa tunarudi kutoka kwa Bi Salma, kaka ametangulia, Mize alipunguza mwendo tukawa sambamba. "Shangazi," akasema, "yule Faida, aliyekuwa kwenye ngazi. Nimelala naye mkeka mmoja siku saba. Nimemfundisha mpaka herufi ya jimu. Anapelekwa Unguja na Zena."

"Ndiyo."

"Yeye hana baba wa kuja kumsemea?"

Mwaka mzima aibu yangu ilikuwa moja, kwamba nimemwita mwungwana mtumwa. Haikunipitia hata mara moja kuuliza habari za yule ambaye jina lile kwake halikuwa uongo. Nikamwambia, "Tembea, mwanangu, baba anatungoja."

Asubuhi yake, kabla baba yake hajampeleka kwa Bi Rukia, Mize alinitafuta jikoni. Alikuwa ameandika karatasi, herufi zote tangu alifu mpaka ye, kubwa, safi, na chini ya kila herufi alama ndogo aliyoibuni mwenyewe ya kumkumbusha Faida sauti yake. Baba yake alikuwa amemkataza asikanyage tena nyumba ile. "Mpelekee Faida," akaniambia. "Wanaondoka leo. Wewe watakufungulia."

Nilikwenda. Nilifika mpaka chini ya dirisha la Bi Salma. Juu wanawake walikuwa wanazungumza, nikasikia jina langu, nikasikia Mkange, nikasikia kicheko. Mngoja mlango alikuwa ameniona, akaanza kuinuka anifungulie. Nikageuka. Nilirudi kwa njia ya nyuma ya maduka, na nilipofika jikoni, mama mkwe hayupo, nikaiingiza karatasi chini ya kuni.

Mize alikuwa uani amekwisha kufunga mkeka wake.

"Umempa?"

"Nimempa."

"Alifurahi?"

"Alifurahi sana," nikasema.

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Shaabani iandame. Akashika mkono wangu, huu huu wa kulia, akaubusu, akajitwika mkeka, akamfuata baba yake.